Pacifico, Kaushan Script, Permanent Marker au Caveat Brush: fonti gani ya brashi iende kwenye bango lako?

Mama mmoja muuza vitafunwa aliniletea kazi ya bango. Alitaka neno moja kubwa, Maandazi, na chini yake namba ya simu, basi. Nikachagua fonti ya brashi iliyonivutia, nikaipanga vizuri, nikamwonyesha kwenye simu. Akaitazama kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, imependeza. Ila hizi a zako mbona kama zimepigwa muhuri?"

Nikaangalia upya. Maandazi ina a tatu, na mbili kati yake zimekaa bega kwa bega. Zote zilikuwa na mkia uleule na unene uleule, hata mkwaruzo mdogo pembeni mwa tumbo ulijirudia palepale mara tatu. Mkono wa mtu haufanyi hivyo. Fonti ilikuwa imejitia kuandikwa kwa brashi, na neno letu moja la kawaida likaiumbua.

Ukifungua sampuli za fonti utakutana na sentensi ya Kiingereza inayopendwa kwa sababu ina herufi zote za alfabeti: The quick brown fox jumps over the lazy dog. Hesabu a zilizomo. Ni moja tu, kwenye lazy. Sasa andika Samaki wa kupaka: herufi 14, a ni 5 na k ni 3. Ile sampuli inakuonyesha Q na X, ambazo Kiswahili hakizihitaji, na inakuficha kasoro ambayo wewe utakutana nayo kila siku ya kazi. Ndiyo maana ulinganisho huu nimeufanya kwa maneno yetu: Maandazi, Taarab, Samaki wa kupaka, Ng'ombe, Karibu.

Fonti nilizochagua ni nne, zote zinapatikana bure kwenye Google Fonts, maktaba ya fonti ya Google mtandaoni: Pacifico, Kaushan Script, Permanent Marker na Caveat Brush. Mwishoni nimeongeza ya tano ambayo si fonti, yaani fundi wa kuandika mabango mwenye rangi na brashi yake, kwa sababu kuna kazi ambazo fonti yoyote itazipwaya.

Kabla ya nne hizi

Wengi wetu tumeanza kuziona herufi za namna hii kwenye kompyuta za stesheneri, kwenye kadi za michango ya harusi. Iliyotamba ni Brush Script, na watu hudhani ilizaliwa na kompyuta. La hasha. Ilichorwa na Robert E. Smith mwaka 1942 kwa kampuni ya American Type Founders ya Marekani, wakati herufi zikiwa bado vipande vya chuma. Mwaka 1953 Mfaransa Roger Excoffon akatoa Mistral kupitia kiwanda cha Fonderie Olive cha Marseille, akiufuata mwandiko wake mwenyewe, na akaipa jina la upepo wa kusini mwa Ufaransa. Fikiria kazi ile: kila herufi ni kipande chake cha chuma, lakini mkia wa moja lazima ukutane sawasawa na kichwa cha inayofuata ili neno lionekane limeandikwa bila kunyanyua mkono.

Hizo mbili zilitufikia pamoja na Microsoft Office, kwa hiyo huenda zimo kwenye kompyuta yako sasa hivi. Sijaziweka kwenye ulinganisho kwa sababu zina wenyewe. Kuwa nazo ndani ya Office hakukupi ruhusa ya kufanya nazo kila kitu, kwa mfano kuzipachika kwenye tovuti. Isitoshe, Brush Script imeonekana kwenye kadi nyingi mno kiasi kwamba mteja akiiona anahisi ameshaalikwa shughuli hiyo mara kumi.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni marudio: herufi ileile ikijirudia ndani ya neno, inachusha au inavumilika? Hapa ndipo Kiswahili kinapotesa fonti.

Cha pili ni umbali. Waandika mabango wana kanuni yao ya zamani kwamba herufi yenye kimo cha sentimeta 2.5 husomeka vizuri kwa mtu aliye mita 3 hivi. Mtu akiwa ng'ambo ya barabara, mita 15, unahitaji kama sentimeta 12.5. Kanuni hiyo inahusu herufi za wazi. Kwa fonti za brashi mimi huongeza nusu ya kimo juu yake.

Cha tatu ni herufi za mwanzo na alama zetu. Maneno ya matangazo kwa Kiswahili huanza mara nyingi na K, M, N, T na W: Karibu, Mgahawa, Nyama, Tumefungua, Wali. K na M zikiwa mbaya, fonti nzima imekufia mikononi. Halafu kuna kile kikoma cha juu cha ng', na ile /= tunayoimalizia bei.

Cha nne ni mashine. Bango la kuchapwa halina neno, mashine yake inachapa chochote. Stika za kukatwa, udarizi wa kofia na majina ya kuchomeka juu ya keki ni jambo jingine.

Cha tano ni leseni, na hiki nakimaliza hapahapa kwa kuwa zote nne zimefaulu. Pacifico, Kaushan Script na Caveat Brush zipo chini ya leseni ya SIL Open Font License, na Permanent Marker ipo chini ya Apache. Unaweza kuzitumia kwenye kazi ya kulipwa, kwenye nembo, kwenye tisheti za kuuza. Kwa hizo tatu za kwanza, usichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake kama bidhaa. Tahadhari iko kwingine: fonti nyingi za brashi zinazogawiwa mtandaoni zimeandikwa kuwa ni bure kwa matumizi binafsi tu. Bango la mgahawa si matumizi binafsi, hata kama mgahawa ni wa shangazi yako.

Pacifico

Sura. Iliundwa na Vernon Adams mwaka 2011, akivutwa na mtindo wa Marekani wa miaka ya 1950, enzi za vijana wa ubao wa kuteleza juu ya mawimbi. Ni nene, ina mviringo, na herufi zake ndogo zimeshikana mikono. Huyohuyo Adams ndiye aliyechora Oswald, ile fonti nyembamba iliyonyooka, na mpaka leo zikikaa pamoja kwenye bango moja zinaelewana: Pacifico kwa jina la duka, Oswald kwa bei na simu.

Marudio. Hapa Pacifico ilinishangaza. Nilitegemea ianguke kwenye Maandazi, haikuanguka. Sababu ni kwamba haijifanyi imeandikwa kwa haraka. Haina mikwaruzo, haina wino uliokauka njiani, kingo zake ni laini kama za taa za neoni. Jicho halidai tofauti kati ya a na a, kama lisivyodai kwenye maandishi ya chupa ya soda. Fonti inayoahidi utulivu huwezi kuilaumu kwa kutulia.

Umbali. Inasomeka vizuri kwa sababu ya unene wake, mradi neno liwe fupi. Chapati, sawa. Tunawakaribisha, hapana: neno refu lililoshikana huwa kamba moja ndefu yenye mafundo, na msomaji anapotea katikati. Pia mistari yake huja na nafasi kubwa juu na chini, kwa hiyo ukipanga mistari miwili usiogope kuibana kwa mkono.

Herufi za mwanzo na alama. Usiandike neno zima kwa herufi kubwa. Narudia kwa sababu naliona hilo kila nikipita mtaani: HARUSI kwa Pacifico ni herufi sita zilizoalikwa kila moja kwenye shughuli yake. Herufi kubwa za mwandiko wa kushikana zimechorwa kuanza neno, hazikuchorwa kukaa pamoja. Kosa la pili ni kuongeza nafasi kati ya herufi. Ukiongeza, mikono inaachana na kila herufi inabaki na kikonyo kinachoning'inia. Kwenye Ng'ombe, tazama kile kikoma kinavyoikata kamba. Neno linakatika baada ya g na kuanza upya kwenye o, na mara nyingi utalazimika kukisogeza kwa mkono ili pengo lisiwe pana.

Mashine. Kwa stika na majina ya keki, hii ndiyo inayoongoza, kwa sharti moja. Herufi za kushikana zimepandiana kidogo pale zinapokutana. Kwenye skrini huoni, lakini mashine ya kukata inafuata mzingo wa kila herufi na itapasua kila kiungo. Kabla ya kutuma kazi, geuza maandishi kuwa maumbo, kisha yaunganishe yawe umbo moja. Ukishafanya hivyo neno zima linabanduka kama kipande kimoja na kulibandika ni kazi ya dakika. Kwenye jina la keki kumbuka nukta ya i, ambayo haijashikwa na kitu. Hongera haina i, unapona. Heri ya kuzaliwa inazo mbili, na usipoziunganisha na miili yake utaziokota mezani.

Inamfaa nani. Duka la keki, saluni, kibanda cha juisi, nguo za watoto, mgahawa wa ufukweni. Udhaifu wake mkubwa hauko kwenye mchoro: imetumika mno. Ikiwa majirani zako wawili tayari wanayo, jina lako litachanganywa na lao hata kama chakula chako ni bora.

Kaushan Script

Jina lake linaweza kumkumbusha mtu mikopo ya kausha damu, lakini hazina uhusiano. Imetoka Argentina, kazi ya Pablo Impallari, mwaka 2011.

Sura. Imelala kulia, ina mahali pembamba na mahali panene kama brashi inayobonyezwa na kuachiwa. Herufi hazikai kwenye mstari mmoja kwa nidhamu, nyingine zimeruka kidogo, nyingine zimezama. Hilo limefanywa kwa makusudi, ndilo linaloipa mwendo. Ukiweka Pacifico na Kaushan pamoja, ya kwanza imekaa barazani, ya pili inawahi gari.

Marudio. Na hapo ndipo inapolipa gharama. Fonti ikijitia haraka, jicho linatazamia haraka ya kweli, na haraka ya kweli hairuki namna ileile mara mbili. Kwenye Karibu huoni kitu. Kwenye Samaki wa kupaka unaanza kuona a zikirukaruka kwa mpangilio, kama askari wa gwaride. Kwenye Maandazi na Taarab, zile a mbili za kubanana zinafichua kila kitu. Dawa ipo na si ngumu: geuza neno kuwa maumbo, chukua a ya pili, izungushe nyuzi moja au mbili, ipunguze asilimia tatu, urefushe kidogo mkia wake. Dakika tano. Lakini lazima mtu azitoe hizo dakika, na fundi wa kwenye stesheneri yenye foleni hazitoi.

Umbali. Wastani. Mahali pake pembamba hupotea kwanza, hasa kwa rangi nyeupe juu ya picha. Ikiwa nyuma kuna picha ya pilau lenye kila rangi, weka kivuli au pande la rangi moja chini ya maandishi.

Herufi za mwanzo na alama. K na M zake zina nguvu, ndizo zinazouza fonti. Bei niliijaribu kwa 3,000/= nikaona imechangamka kupita inavyostahili bei kuchangamka. Namba nilizihamishia kwenye fonti ya kawaida.

Mashine. Tisheti za kuchapa kwa skrini, vizuri. Udarizi wa kofia, hapana, labda uwe mkubwa, kwa sababu uzi hauwezi kufuata ncha zile nyembamba. Stika inakatika, ila lazima uunganishe maumbo kama nilivyoeleza kwenye Pacifico.

Inamfaa nani. Timu za michezo, bodaboda, gym, bendi, mgahawa wa nyama choma unaotaka kusikika una kelele. Bango la usiku wa taarab pia, ukikubali kuzifanyia kazi hizo a.

Permanent Marker

Sura. Imetolewa na Font Diner, na kama jina linavyosema, ni mwandiko wa kalamu nene ya wino usiofutika, ile ya kuandikia maboksi. Kwa hiyo kusema kweli si brashi, ni jamaa wa brashi. Nimeiweka kwa sababu wateja wanapoomba "maandishi kama ya mkono, ya kibabe", mara nyingi wanamaanisha hii. Herufi hazishikani, na hata ukiandika herufi ndogo, umbo linalotoka ni la herufi kubwa.

Marudio. Jaribu kuchanganya kubwa na ndogo: andika sAmAki kisha samaki na uangalie tofauti. Kwa kuwa zote zina umbo la herufi kubwa, msomaji hatajua kwamba umechanganya, ataona tu mkono ambao haukutulia. Ni ujanja wa bure na hauhitaji programu yoyote ya maana. Marudio yakibaki, yanavumilika zaidi kuliko kwenye Kaushan, maana herufi za kujitenga hazilinganishwi kwa ukaribu kama zilizoshikana.

Umbali. Kwa maoni yangu ndiyo inayosomeka mbali kuliko wenzake wote watatu. Nene, wazi, haina mikia. Na watu wetu wamezoea kusoma ujumbe kwa herufi kubwa: jina la kanga huandikwa hivyo, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba halisomeki. Maneno marefu, ambayo Pacifico inayashindwa, hii inayabeba, ingawa yanakula upana wa bango.

Herufi za mwanzo na alama. Hakuna herufi ya mwanzo yenye madoido, kwa hiyo hakuna ya kuharibika. Kikoma cha ng' kinakaa penye nafasi yake kwa kuwa hakuna kamba ya kukatwa. Bei inaonekana kama imeandikwa na mwenye duka asubuhi ileile. Kwa genge au duka la mitumba hilo ni sifa.

Mashine. Inakatika bila matatizo. Kasoro ni kwamba kila herufi ni kipande peke yake, kwa hiyo stika lazima ihamishwe kwa karatasi ya kuhamishia, vinginevyo mstari utapinda. Jina la keki kwa fonti hii sahau.

Inamfaa nani. Punguzo la bei, mitumba, tamasha la vijana, mabango ya kampeni ya usafi mtaani, vichwa vya video. Haimfai anayetaka upole. Kadi ya mwaliko wa harusi kwa Permanent Marker inasomeka kama onyo la mwenye nyumba.

Caveat Brush

Sura. Nayo ni ya Impallari, dada wa fonti iitwayo Caveat. Ni mwandiko wa mtu wa kawaida mwenye brashi ndogo: umesimama karibu wima, mwembamba, hauna makeke. Ukiiona mara ya kwanza unaweza kuipita.

Marudio. Familia ya Caveat ilichorwa ikilifikiria tatizo lilelile la yule mama wa maandazi. Ndani yake kuna herufi za akiba, na fonti hubadilisha umbo kidogo kulingana na mahali herufi ilipotokea ndani ya neno, ili zisifanane kama mapacha. Kwa Kiswahili hiyo ni baraka. Lakini inategemea programu unayotumia: nyingine huruhusu mabadiliko hayo zenyewe, nyingine zinataka uyawashe kwenye mipangilio ya maandishi, nyingine hazijui kabisa habari hizo na zitakupa a ileile kutoka mwanzo hadi mwisho. Andika Maandazi, vuta karibu, tazama a ya kwanza na ya pili. Jibu utaliona hapohapo.

Umbali. Hapa ndipo inapodhoofika. Kwa namba ileile ya ukubwa, Caveat Brush huonekana ndogo kuliko wenzake, kwa hiyo usiilinganishe kwa namba, ilinganishe kwa rula. Hata ukiikuza, wembamba wake unaifanya ififie kwenye bango la barabarani. Kwa ubao wa menyu ndani ya mgahawa, mita mbili tatu, haina tatizo.

Herufi za mwanzo na alama. Za kawaida, hazikuudhi wala hazikumbukwi. Ila ndiyo pekee kati ya nne hizi ambayo naweza kuiandikia sentensi nzima na bei yake bila kubadilisha fonti: Wali wa nazi na samaki, 6,000/=. Wembamba ulioinyima barabara unaipa menyu, maana maneno yetu marefu yanaenea kwenye mstari.

Mashine. Uchapaji wa kawaida, karatasi, skrini ya simu. Stika ndogo zitakusumbua.

Inamfaa nani. Menyu, lebo za achari na asali, kadi za shukrani, maelezo pembeni ya picha, statasi za biashara ya nyumbani.

Na brashi yenyewe

Fundi wa mabango bado yupo, na ukitaka kumwona kazini angalia kuta za maduka, mikokoteni ya chipsi, na migongo ya daladala. Kwa vigezo vilevile: marudio hana, kwa sababu kila a anaizaa upya. Umbali anaujua kwa jicho, na fundi mzuri atavuka barabara kuangalia kabla ya kumaliza. Ng' na /= ameziandika maisha yake yote. Anachokosa ni nakala. Ukihitaji kazi ileile ukutani, kwenye mfuko, kwenye tisheti na kwenye simu, utalazimika kuupiga picha ukuta wake na kumlipa mtu wa kuichora upya kwenye kompyuta. Pia ratiba ya fundi ni ya fundi. Jambo la kuchunga: usimpelekee fundi mwenye mkono wake karatasi iliyochapwa Pacifico ukamwambia ainakili. Atainakili, na utakuwa umelipia mkono wa mtu ili ufanye kazi ya mashine.

Sasa, kwa hali yako

Ikiwa jina la biashara ni neno moja au mawili mafupi na utalihitaji kwenye stika, keki na mifuko, anza na Pacifico. Zunguka kwanza mtaa wako, uhesabu ni nani tayari anayo.

Ikiwa jina lina mwendo ndani yake, la timu au la bendi, na una mtu wa kukaa nalo dakika kumi akirekebisha herufi zinazojirudia, Kaushan Script. Kama huna mtu huyo na neno lina aa, usijaribu. Kaushan bila marekebisho kwenye Taarab ni mbaya kuliko fonti ya kawaida kabisa.

Tangazo la kusomwa na mtu aliye ndani ya gari linalotembea, au neno refu kama Tumefungua, liandike kwa Permanent Marker, na uliweke peke yake. Maelezo mengine yote yaende kwenye fonti iliyonyooka, namba ya simu zaidi ya yote. Namba iliyosomwa vibaya ni mteja aliyempigia mtu mwingine.

Menyu, lebo, au chochote chenye mistari mingi kitakachosomwa kikiwa mkononi, Caveat Brush, baada ya kuhakikisha programu yako inabadilisha herufi zake.

Kadi ya harusi ipo katikati. Majina mawili ya maharusi kwa Pacifico yanakubalika, lakini angalia majina yenyewe kabla ya kuamua. Amani na Neema ni mafupi, yana mviringo, yanakaa vizuri. Majina marefu ya ukoo yenye M na Mw za mwanzo yapeleke kwenye fonti ya kawaida na ubakize brashi kwa alama ya "na" katikati yao. Nimeona kadi ambayo "na" peke yake ndiyo ilikuwa ya brashi, na ilikuwa nzuri kuliko zote mezani.

Na kama ni ukuta mmoja, duka moja, na huna mpango wa tisheti wala stika, chukua hela ya kuchapa bango ukamtafute fundi. Mwandikie neno kwenye karatasi kwa kalamu ya kawaida ili asikosee tahajia, mwonyeshe mtu atakuwa amesimama wapi akisoma, kisha kaa pembeni.

Yule mama wa maandazi alichagua Permanent Marker. Nilimwonyesha zote nne kwa neno lake, akaishika simu kwa mkono ulionyooka, akarudi hatua tatu, akasema hii naiona bila miwani.